Kuwahamisha si kuwalinda

Desemba 2021, marehemu Profesa George Magoha, akiwa Waziri wa Elimu wa Kenya, alisema wanafunzi wanaovutiwa na wenzao wa jinsia moja waende shule za kutwa karibu na kwao, wasikae bwenini. Kauli hiyo ingali na watetezi, nao huiita ulinzi. Wamlinde nani na nani? Anayemshika mwenzake bila ridhaa ana Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inayomngoja, awe anavutiwa na yeyote. Hatuwaondoi wavulana wote katika shule za mseto kwa sababu baadhi yao huwanyanyasa wasichana.

Na kama anayelindwa ni mwanafunzi huyo mwenyewe asionewe na wenzake, uonevu hupungua bila kumhamisha anayeonewa. Nchini Uingereza, shirika la Stonewall liliwahoji wanafunzi wa aina hii: walioonewa shuleni walikuwa asilimia 65 mwaka 2007, 55 mwaka 2012 na 45 mwaka 2017, ingawa mara ya mwisho kundi lililohojiwa lilikuwa pana kidogo. Bado ni wengi mno, lakini mwelekeo unaonyesha mitazamo ya rika hubadilika.

Mtasema Kenya si Uingereza. Naam, na sheria yetu bado inaharamisha ngono ya jinsia moja. Ila huadhibu tendo, si mvuto, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumbagua mtoto anayeomba nafasi shuleni kwa msingi wowote. Na huko shule ya kutwa, je, aliyehamishwa hatakuta wanafunzi wenye kejeli zilezile, chini ya walimu wanaonyamaza vilevile?