Zitatoka Zenyewe

Kazi ya kubadilisha kioo cha gari haiishi pale kioo kipya kinapopanda na kushuka bila kukwama. Inaisha pale chenga ya mwisho ya kioo cha zamani inapofungiwa kwenye chombo na kuwekwa mahali ambapo mguu wa mtu hautafika. Nalazimika kusema jambo lililo wazi hivi kwa sababu huku kwetu, kuanzia Katesh mpaka Haydom, tumekubaliana kimyakimya kwamba nusu ya pili ya kazi hiyo haina mwenyewe. Fundi anaona ni ya mwenye gari. Mwenye gari anaamini fundi ameshaifanya. Mwishowe inamaliziwa na unyayo wa mtoto.

Tuanze na kioo chenyewe. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, wazo ambalo mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus alilipatia hataza mwaka 1909. Kikipigwa jiwe kinachora mistari kama utando wa buibui, lakini hakimwagiki. Kioo cha mlangoni ni habari nyingine. Hicho hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla kwa upepo. Sehemu ya nje inabana, ya ndani inavuta, na mvutano huo ndio unaokipa nguvu. Siku kikigongwa vibaya, mvutano wote unaachiliwa kwa mara moja na kioo kizima kinageuka chenga kama za chumvi ya mawe. Kokoto iliyorushwa na tairi la lori inatosha. Mwizi mwenye kipande cha plagi anatosha.

Hapo ndipo ninaposikia utetezi wa kwanza wa mafundi: "Hizi hazikati." Ni ukweli nusu. Kioo hicho kilibuniwa kisikukate shingo wakati wa ajali, na kwa hilo kinastahili shukrani. Lakini pamoja na zile chenga butu kuna vijisindano vyembamba ambavyo jicho halivioni mpaka vimeshaingia kwenye ngozi. Mtu anayesema hazikati ajaribu kuzikalia kwa suruali ya kitambaa kutoka Dongobesh hadi Mbulu mjini.

Utetezi wa pili ndio unaonikera zaidi. Gari la baba yangu mdogo lilibadilishwa kioo cha mlango wa nyuma kwenye gereji moja. Alikabidhiwa likiwa limefutwa, linang'aa. Wiki ya pili binti yake wa miaka mitatu, aliyekuwa amelala siti ya nyuma, aliamka analia, na kiganjani mwake kulikuwa na chenga. Baba mdogo alirudi gereji kuuliza. Jibu alilopewa, kwa heshima zote na shikamoo juu yake, lilikuwa hili: "Mzee, hizo huwa zinabaki kidogo. Zitatoka zenyewe."

Zitatoka zenyewe! Ni kweli, zitatoka. Swali ni zitatokea kwa nani. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Huu haukuwa wa kujidunga, na bado pole yenyewe hatukuipata.

Nyingi hubaki ndani ya mlango. Kioo kinapovunjika, sehemu kubwa ya chenga hudondokea kwenye uwazi wa chini, ambako kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua. Zikiviziba, maji yanatuama na mlango unaanza kuoza kwa kutu kutoka ndani. Zikinasa kwenye reli, zinakwaruza kioo kipya ulichokilipia. Na huwezi kuniambia fundi hakupata nafasi ya kuzitoa, maana ili afunge kioo kipya alilazimika kufungua jalada la ndani la mlango. Alizitazama kwa macho yake, akafunga.

Zinazotolewa nazo zinakwenda wapi? Zinafagiliwa kando ya barabara. Siku ya mnada hapo hapo watapita watu wa kila aina, mchungaji mwenye katambuga, mtoto asiye na chochote mguuni, ng'ombe na punda. Mvua ikinyesha, chenga zinaingia mtaroni, na mtaro una mwisho wake. Tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang ulishusha tope, mawe na magogo juu ya Katesh na vijiji jirani, na makumi ya watu wakafa. Sifananishi msiba ule na taka za gereji. Nasema tu kwamba watu wa Hanang hawahitaji semina ya kuwaeleza kwamba kinachoachwa juu hushuka chini.

Mbulu nako, mahali ambapo wakulima wa Kiiraqw wamejenga sifa ya kutunza udongo kwa samadi na matuta, taka za uani huishia kwenye lundo moja na mbolea ya zizi. Mwagia chenga hapo, na msimu ujao zitakuwa shambani. Vitunguu saumu vya Mbulu hupandwa na kung'olewa kwa vidole. Vidole vya mama yako.

Najua nitajibiwa kuhusu umaskini. Fundi analipwa kidogo, mteja anabana bei mpaka senti ya mwisho, abiria wanapiga kelele kwenye Noah kwamba wanachelewa. Yote ni kweli, na ndiyo maana silalamikii mafundi peke yao. Kijana anayechambua chenga bila glavu ndiye wa kwanza kuumia. Basi gharama ya usafi itajwe wakati wa kupatana bei ya kioo, na sisi wenye magari tuilipe bila kununa. Tuliweza kuacha mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019. Tunafagia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hatushindwi kumwongezea fundi pesa ya nusu saa.

Na nusu saa hiyo ina utaratibu. Turubai litandikwe chini kabla ya kugusa mlango. Kompresa ikae mbali, kwa sababu upepo hauondoi chenga, unazihamishia machoni na kwenye matundu ya siti. Vipande vikubwa viokotwe kwa mkono wenye glavu, vidogo vivutwe kwa mashine. Pasipo mashine, tonge la ugali uliopoa likigandamizwa kwenye zulia na mishono ya siti hubeba hata vile vijisindano. Tonge hilo lifungwe na kutupwa pamoja na chenga, asije akalila kuku. Tochi ya simu ilazwe sakafuni imulike kwa ubavu, na kila chenga itang'aa yenyewe. Zote ziingie kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, kisha kwenye shimo refu la taka, si kwenye lundo la samadi. Baada ya siku chache za barabara ya changarawe gari lirudi lisafishwe tena, kwa sababu mtikisiko huzishusha zilizojificha. Safari hiyo ya pili iwe ndani ya bei ileile.

Kabla hujatoa pesa mfukoni, mwombe fundi ashushe kioo kipya na aufunge mlango kwa nguvu mara tatu. Sogeza sikio. Ukisikia mchakato kama wa mahindi kwenye debe, mwambie kwa upole afungue tena jalada. Kazi bado.