Mjumbe Hauawi, Lakini Huulizwa



Ndugu wasomaji, filamu ya QB VII ilitolewa mwaka 1974 kutokana na riwaya ya Leon Uris, lakini swali lake bado ni letu. Ndani yake daktari Adam Kelno, anayeigizwa na Anthony Hopkins, anamshtaki mwandishi aliyedai kwamba aliwapasua wafungwa kikatili katika kambi ya Wanazi.

Kisa hicho kina mzizi wa kweli. Mwaka 1964, jijini London, Dkt. Władysław Dering, Mpolandi aliyekuwa mfungwa huko Auschwitz, alimshtaki Uris mwenyewe kwa kumkashifu. Uris alikuwa ameandika habari za upasuaji 17,000 bila ganzi, idadi ambayo haikuweza kuthibitishwa. Dering akashinda. Fidia yake ilikuwa nusu peni.

Dering alikiri kuwaondoa wafungwa viungo vya uzazi. Alijitetea kwamba angekataa angeadhibiwa, na kazi ingefanywa na mtu asiye na ujuzi. Tusimdharau haraka, maana sisi hatujasimama mahali pale. Lakini mbele ya mahakama hiyohiyo alikuja shahidi, Dkt. Adélaïde Hautval, Mfaransa, binti wa mchungaji wa Kiprotestanti, naye mfungwa wa Auschwitz. Alitakiwa kushiriki majaribio juu ya miili ya wanawake, akakataa. Alinusurika, na hata angeuawa, jibu lake lingebaki sahihi.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Ni kweli, ila mjumbe hubeba maneno, habebi kisu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba utii wa upofu hauwaondolei hatia wanaotekeleza amri za kuangamiza watu.

Hapa seminarini tunalelewa katika utii, na ni vema. Lakini tukiombwa kunyamazia hesabu za michango zisizolingana, au kuthibitisha jambo la uongo juu ya mwenzetu, mara nyingi tunajibu: "Nimetumwa tu." Hautval hakuanza kuitafuta dhamiri yake siku ya amri ile. Alikuwa amekamatwa kwa kuvuka mpaka wa ndani ya Ufaransa bila kibali, na huko gerezani akawatetea Wayahudi walioteswa mbele ya macho yake.

Basi jioni, tunapochunguza dhamiri, tusiishie kujiuliza kama tulitii. Tujiulize pia tulitii nini, na nani aliumia.