Mkaguzi wa Kazi si Adui wa Mwenye Shamba



Kila ukaribiapo msimu wa kuchuma, twasikia manung'uniko barazani: "Mkaguzi wa Serikali anakuja kutafuta nini? Shamba si kiwanda." Hatumlaumu asemaye hivyo, lakini yafaa maneno haya tuyapime.

Zanzibar inayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, namba 8 ya mwaka 2005. Na tangu mwaka 1969 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 129 juu ya ukaguzi wa kazi katika kilimo, kwa kuwa ilionekana kwamba shambani nako watu huumia. Sisi twaona kuwa mwenye shamba, au aliyekodi mikarafuu, akiwalipa wachumaji kwa pishi, huyo ni mwajiri kama mwenye kiwanda.

Kiwandani mtu hukatwa na mashine. Kwetu mtu hupanda mkarafuu mrefu, hushika tawi lepesi kuvunjika, na pakacha limemlemea, na chini pana visiki. Nani kati yetu hamjui kijana aliyevunjika mgongo kwa ajili ya pishi chache?

Mkaguzi atauliza nini? Kamba ni nzima au imeoza? Watoto wamezuiwa kupanda? Mtu akianguka, atafikishwaje hospitali? Majibu ya maswali haya hayamfilisi mtu. Bei ya kamba mpya ni ndogo mno ukiilinganisha na msiba.

Nasi tuna haki ya kuiomba Serikali mambo mawili. Kwanza, mkaguzi aje kutuelekeza kabla ya msimu, maana karafuu haingoji. Ikichanua mtini thamani imekwenda. Pili, asiishie kwenye maghala ya kando ya barabara, bali aingie mashambani. Akishatuelekeza, ziara ya kukagua na ije bila ya taarifa. Mgeni aliyejulikana tangu juzi huikuta nyumba imefagiliwa.

Lakini tusimngoje yeye. Wiki hii kila mwanachama azivute kamba zake, azitazame ngazi zake, aung'oe mti uliokauka. Karafuu ikianguka huokotwa ikaanikwa jamvini. Mtu akianguka, huenda tukaokota maiti.