Motokaa ya Kawaida au Iliyo Pana?

Mfanyakazi wa Mpanda anayeamua kuchukua mkopo ili anunue motokaa ya haibridi, yaani ile ambayo injini yake ya petroli husaidiwa na mota ya umeme na betri, hukutana na swali ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Je, achukue Toyota Prius ya kawaida, au achukue Prius Alpha, ambayo ni ndugu yake iliyorefushwa na kuinuliwa paa? Sisi twaona kwamba swali hili si dogo. Mkopo huo utakatwa katika mshahara wake mwezi kwa mwezi, na akikosea kuchagua, hatakuwa na fedha nyingine ya kujirekebishia.

Jibu linalosikika upesi ni kwamba achukue ile ya kawaida kwa sababu hula petroli kidogo zaidi. Ni kweli. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Prius ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa mwaka 2009, huenda kilometa 21 hivi kwa lita moja, na ile iliyo pana, iliyofuata mwaka 2011, huenda kilometa 18 hivi. Injini zao ni moja, ya cc 1,800. Tofauti yatokana na uzito, maana iliyo pana imezidi kwa kilo mia moja hivi, na pia na ukubwa wa umbo lake linalosukumana na upepo.

Lakini hesabu isiishie hapo. Tuchukue safari ya Mpanda hadi Tabora kwa kupitia Koga, ambayo ni kilometa 340 hivi, na ambayo sasa ina lami. Motokaa ya kawaida itakunywa lita 16 na kidogo. Iliyo pana itakunywa lita 19. Basi ugomvi wote ni wa lita 3 kwenda, na lita 3 kurudi. Hatusemi kwamba lita hizo ni bure, hasa katika mji ulio mbali na bandari kama Mpanda, ambako bei elekezi ya EWURA hutangulia ile ya Dar es Salaam kwa sababu ya gharama ya kusafirisha mafuta. Twasema tu kwamba lazima ziwekwe kwenye mizani, na upande wa pili wa mizani uwekwe kile kinachopatikana kwa lita hizo.

Na hapa ndipo twaona ndugu zetu wengi wanapopotoka, kwa kuwa wamelipokea shauri la watu wa Dar es Salaam bila kuligeuza liwafae wa Katavi. Sifa kubwa ya motokaa hizi ni kwamba kila dereva akanyagapo breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme betrini. Mtu anayesimama na kuondoka katika foleni za Ubungo hupata faida hiyo mara mia kwa siku. Mpanda foleni iko wapi? Safari zetu ni ndefu, mwendo ni wa mfululizo, breki hukanyagwa mara chache. Faida ipo bado, kwa sababu injini yenyewe ni ya kubana matumizi, lakini haifanani na ile inayosimuliwa mjini Dar es Salaam.

Tutazame sasa nani hupanda motokaa hiyo na hubeba nini. Katika mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, motokaa ya mfanyakazi haiwi ya mfanyakazi peke yake. Mwalimu aliyehamishiwa Inyonga huhama na godoro, jiko, vitabu na watoto. Muuguzi akienda kwao Usevya baada ya mavuno, hatarudi mikono mitupu. Mchele utakuwa nyuma, na kuku chini ya miguu ya abiria. Mgonjwa akiandikiwa kwenda hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya, jirani mwenye motokaa ndiye wa kwanza kugongewa mlango usiku, na mgonjwa huyo hawezi kukaa kitako saa zote. Yataka kiti kilazwe. Viti vya nyuma vya Alpha husogezwa mbele na nyuma na hulazwa mgongo. Ile ya kawaida haina jambo hilo, na kioo chake cha nyuma kimelala mno, hata mzigo wa kusimama haukai. Kwa vipimo vya Marekani, sehemu ya mizigo ya motokaa ya kawaida ina nafasi ya lita 612, na ya iliyo pana lita 971. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tangi la maji la lita 300.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitangazi. Motokaa nyingi zitokazo Japani siku hizi huja bila tairi la akiba. Chini ya zulia la nyuma hukutwa chupa ya dawa ya kuzibia pancha na pampu ndogo. Huko kwao, penye mafundi kila mtaa, yatosha. Lakini barabara ya kwenda Sumbawanga hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na hatumshauri mtu yeyote asimame kati ya Sitalike na mwisho wa hifadhi, jua limetua, akisoma maandishi ya Kijapani juu ya chupa. Tairi la akiba litanunuliwa na litakaa nyuma pamoja na mizigo. Katika motokaa ya kawaida, tairi hilo litamla mtu nafasi yake yote.

Kwa hiyo sisi twasema wazi: mfanyakazi wa Katavi mwenye familia achukue iliyo pana. Asiye na familia, ambaye kazi yake ni kutoka Makanyagio kwenda ofisini na kurudi, na achukue ya kawaida. Petroli atakayookoa ni yake.

Lakini tuongeze onyo. Alpha ziko za namna mbili. Ya viti vitano ina betri ya nikeli chini ya sakafu ya nyuma, kama dada yake. Ya viti saba ina betri ya lithiamu iliyowekwa katikati ya viti vya mbele, ili ipatikane nafasi ya safu ya tatu. Watu huvutwa na hesabu ya saba. Safu hiyo ya tatu ni ya watoto, na ikikaliwa, mizigo haina pa kukaa. Ndipo mtu alipaye zaidi hujikuta amerudi kule kule alikokimbia. Tena kuna wale watakaoiona nafasi na kuijaza magunia mpaka matairi yakae. Motokaa hii iko chini, kiasi cha sentimeta 14 tu kutoka ardhini, na ukiacha barabara kuu, njia zetu nyingi za vijijini ni za udongo. Magunia yapelekwe kwa lori au kwa treni ya Kaliua.

Vumbi nalo hatuwezi kulinyamazia. Betri ya nikeli, yenye volti 201.6, hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya motokaa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Vumbi la kiangazi likijaa katika feni hiyo, au mtu akiliziba tundu kwa kanga na mabegi, betri hupata joto na kufa kabla ya siku zake. Kulisafisha ni kazi ndogo, na fundi anayejua huimaliza kwa muda mfupi. Kuibadili betri ni mishahara ya miezi. Wala kazi hiyo si ya kubahatisha, maana umeme huo waweza kuua. Twaomba vyuo vya ufundi vya VETA vilivyo mikoa ya magharibi viwafundishe vijana kazi hii, kwa kuwa motokaa zinazidi kuja na mafundi hawajaongezeka.

Prius Alpha iliacha kutengenezwa mwaka 2021. Hivyo kila moja inayoingia nchini imekwisha tumika, na nyingi zimepita umri ambao forodha hutoza ushuru wa uchakavu. Mnunuzi aulize kwanza gari limetengenezwa mwaka gani, na ahesabu ushuru huo ndani ya mkopo, si nje yake. Na anayenunua kwa mtu aliye Dar es Salaam aende na fundi wake, betri ipimwe kwa mashine huku motokaa ikiendeshwa, feni ifunguliwe itazamwe, ndipo fedha itolewe.