Skafu haiuziki Buja: tufundishwe kuokota vitanzi mapema



Leo naongea juu ya kufuma. Najua wengine mtasema, "Eh, huyu naye, hayo si mambo ya wamama?" Ngojeni kwanza. Wengi wetu tumepita kwenye zile formasyo za miezi mitatu: kushona, kusuka nywele, kutengeneza sabuni, kufuma. Mimi nilichagua kufuma kwa sababu cherehani ni bei kali, lakini sindano za kufumia hata spoki za baiskeli zinatosha. Unazisugua kwenye jiwe mpaka ncha inakuwa laini, basi, kazi inaanza.

Shida yangu ni hii. Tulifundishwa kuanzisha vitanzi, kufuma mbele, kufuma nyuma, na kufunga. Tukafuma skafu. Halafu skafu nyingine. Mwezi wa tatu ulipoisha tukapewa sertifika, tukapigwa picha, tukaenda nyumbani na furaha. Kesho yake nikabeba skafu zangu nne mpaka sokoni. Jua la Buja mnalijua. Mama mmoja muuza mboga akashika moja, akaigeuza, akaniuliza: "Mwanangu, hii niivae wapi?" Nikakosa jibu.

Hapa chini, karibu na ziwa Tanganyika, nani anavaa skafu? Kinachotafutwa ni sweta ya mtoto mchanga, au sweta ya mtu anayepanda kwenda Bugarama, Ijenda au Mwaro, kule baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Na sweta si skafu. Ina shingo, ina mikono. Kutoka vipande kwenda nguo kuna daraja moja, na hilo hatukuvushwa: kuokota vitanzi.

Tusichanganye. Kuna kuokota kitanzi kilichoanguka kwenye sindano, hiyo ni kurekebisha kosa. Ninayosema ni ile nyingine: kipande kimeisha, umekifunga, halafu unapitisha sindano kwenye ukingo wake, unavuta uzi mpya, unapata mstari mpya wa vitanzi, na kutoka hapo unafuma kola au mkono. Huanzi upya. Unashika pale palipoishia na kuendelea.

Mimi kwa kutojua, nilifuma kola peke yake kama kamba, nikaishona kwa sindano ya kawaida. Sweta ilikuwa ya mtoto wa jirani. Kichwa kiligoma kupita. Mtoto alilia mpaka watu wakatoka nje wakidhani ameungua. Mama yake akanirudishia sweta, hakunitukana, lakini pesa pia hakutoa. Uzi nilikuwa nimeukopa.

Aliyenitoa kwenye aibu ni mama mmoja wa kartie yetu, aliyekulia kule juu Minembwe, mahali mtu hatoki asubuhi bila kitu cha joto. Hajawahi kuona sertifika. Alinionyesha kwa siku mbili tu, na nawapa yote hapa.

Kwanza, upande mzuri wa nguo ukuangalie wewe. Sindano iingie chini ya nyuzi mbili za ukingo, siyo moja. Ukishika uzi mmoja, ukivuta kidogo tu panabaki tundu.

Pili, hesabu. Pale ulipofunga vitanzi, kama nyuma ya shingo, okota kimoja kwa kila kitanzi. Lakini ubavuni, pale mistari inapoishia, usifanye hivyo. Kitanzi ni kipana kuliko urefu wake. Kwa hiyo kwenye ufumaji laini, kila mistari minne unaokota vitatu, unaruka kimoja. Ukiokota vyote, kola inakunjakunja kama sketi ya harusi. Ukiokota vichache mno, inabana. Kama umefuma mbele tu kila mstari, ule ufumaji wa matuta, okota kimoja kwa kila mistari miwili.

Tatu, kabla ya kuokota, gawa shingo mara nne kwa pini au vipande vya uzi wa rangi nyingine. Kila robo ihesabu yake. Hivyo kushoto hakutazidi kulia.

Nne, kwenye kona panapenda kubaki tundu. Okota kimoja cha ziada hapo hapo, mstari unaofuata fuma viwili pamoja.

Tano, sisi hatuna zile sindano za mviringo. Sawa. Shona bega moja, lingine liache wazi, okota shingo ukienda na kurudi na sindano zako mbili. Kwa mtoto mchanga usilishone kabisa: weka vifungo viwili. Kichwa chake ni kikubwa kuliko unavyofikiri. Na unapofunga kola, legeza mkono.

Ni hayo tu. Siku mbili.

Sasa kwa nini nakasirika? Mnakumbuka Februari 2025, vita ilipofika Bukavu na watu wetu wakavuka Rusizi kwa maelfu. Uwanja wa mpira wa Rugombo ulijaa, watu wakalala nje, na ule ni msimu wa mvua. Sisi hapa Kamenge tukasema tukusanye kila tulichofuma. Tukamwaga mifuko chini, tukahesabu: skafu, skafu, vitambaa vya meza, skafu. Sweta za watoto wachanga zilikuwa mbili, na zote mbili zilifumwa na yule mama. Watu zaidi ya kumi wenye sertifika, na hatukuweza kumvalisha mtoto mmoja. Siku ile niliona aibu kuliko ile ya sokoni.

Walimu watasema, "Kuokota vitanzi ni kugumu kwa anayeanza. Muda ni mfupi, uzi ni ghali." Nawaheshimu, lakini sikubali. Zoezi lake halili uzi mwingi. Fuma kipande kidogo cha vitanzi 20 na mistari 20. Ubavuni okota 15. Fuma mistari sita, funga. Ukilala sawa, umejua. Ukikunjamana au kubana, fumua, uzi ni ule ule, rudia. Skafu moja inakula uzi wa mazoezi mengi kama hayo. Na ugumu wenyewe, mimi naona ni woga. Mtu akishafunga kipande anaona kimekwisha, anaogopa kukigusa tena.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Wanaoleta formasyo kwetu watuulize kwanza kartie hii inanunua nini. Wiki ya pili mtu awe ameokota ukingo wake wa kwanza. Na sertifika isitolewe mpaka kuwe na sweta moja ya mtoto, imevaliwa na mtoto kweli, kichwa kimepita bila kilio. Hiyo ndiyo mtihani. Picha tutapiga baadaye.

Na sisi vijana tusingoje mradi. Kila kartie ina mama kama yule. Nenda, msalimie, mbebee maji, kisha umwombe akuonyeshe. Mimi skafu moja katika zile nne nimeshaifumua. Ule uzi umetoa sweta moja ya mtoto wa miezi mitatu, na imeuzwa. Zimebaki tatu. Jumamosi naanza ya pili, anayetaka kujifunza aje na spoki zake.