Usinionyeshe Rangi, Nionyeshe Inavyoruka

Wasee, tuambiane ukweli. Kuchukua faili ya Cessna 172, kuivalisha umbo la Long-EZ na kuipaka bendera ya Kenya si kuunda ndege. Hiyo ni kuivalisha mtumba.

Long-EZ ni ndege ya kujijengea nyumbani, kazi ya Burt Rutan wa Marekani. Iliruka mara ya kwanza 1979. Bawa dogo liko mbele, injini iko nyuma. Ukivuta stiki sana, bawa la mbele linapoteza nguvu kwanza, pua inashuka yenyewe kabla bawa kubwa halijafika hapo. Umbo lile lina sababu! Kama yako kwa kompyuta haifanyi hivyo, umechora picha tu.

Mimi niliacha chuo, na bado naambiwa nacheza gemu. Sawa. Lakini kwa FlightGear, ambayo ni ya bure, nilisogeza kitovu cha uzito nyuma kidogo tu, ndege ikakataa kutulia. Ikabidi nirudie hesabu nilizotoroka darasani.

Kwa hivyo kabla uposti, jibu: uzito umekaa wapi? Bawa gani linaachilia kwanza? Hujui? Rudi kazini. Rangi itangoja.