Kinamasi si ardhi ya bure

Wengi wetu tuliorejea nchini baada ya 1994 tulikuja tukitafuta mahali pa kujenga na pa kulima. Kila tulipoona bonde lenye maji na mafunjo tulisema: hii ni ardhi iliyolala. Nami nilisema hivyo. Leo nakiri tulikosea.

Mfano tunao. Kinamasi cha Rugezi, katika wilaya za Burera na Gicumbi, hupokea mvua ya milimani, huishika kama sifongo, kisha huiachia polepole kuelekea ziwa Burera. Maji ya ziwa hilo ndiyo yanayoendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Ilipochimbwa mifereji ili watu walime, maji yalikimbia. Mvua nazo zikapungua, na kufikia 2004 ziwa lilikuwa limeshuka mno, umeme ukaadimika nchini. Hata sisi wa Gisenyi, tulio mbali na Rugezi, tuliuza dukani kwa mshumaa, na mwenye jenereta akaongeza gharama ya mafuta kwenye bei.

Serikali ilizuia kilimo ndani ya kinamasi, na mwaka 2005 Rugezi ikaingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Miaka michache baadaye ziwa lilipanda tena. Lakini tusiwasahau waliopoteza mashamba na majani ya kusukia mikeka. Penye katazo pawepo pia njia nyingine ya riziki, la sivyo mifereji itachimbwa usiku.

Nanyi ndugu zangu mnaovuka kwenda Goma kila asubuhi, lenu lipo. Korongo taji, tunayemwita umusambi, hutaga mayai mawili au matatu tu katikati ya majani ya kinamasi. Kifaranga akikamatwa na kuuzwa awe pambo la bustani, ni nadra azae tena. Tangu 2012 ndege huyu amehesabiwa duniani miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Ukiombwa kumvusha ndani ya kikapu chako, kataa. Ni fedha ya siku moja, na sheria inaweza kukunyang'anya mtaji mzima.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kinamasi ni akiba ya maji, ya umeme na ya ndege. Tuliorudi kujenga nchi tusianze kwa kuibomoa ghala yake.